Nduthi ya stima: Itakuokolea hela ama itakuongezea deni?

KILA tarehe 14 ya mwezi kuna tangazo ambalo wanaboda hulisubiri kuliko matokeo ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutoa bei mpya za mafuta, na kabla ya saa sita usiku kila grupu ya WhatsApp ya steji inajua kama kesho ni ya kucheka ama ya kununa.

Kama unaendesha nduthi, ama unapanga kuingia kwenye biashara hiyo, huhitaji kukumbushwa Oktoba 2023. Lita moja ya petroli jijini Nairobi ilifika Sh217.36. Kufikia Agosti 2025 ilikuwa imeshuka hadi Sh185.31. Tofauti ni kama Sh32 kwa lita. Kwa msee anayechoma lita mbili na nusu kwa siku, hiyo ni Sh80. Ni sahani ya chapati na madondo, kila siku, imeenda ama imerudi bila wewe kuulizwa.

Sasa kando ya nduthi za petroli kumejipanga zingine zisizonguruma. Agosti 2023, Uber ilianzisha boda za stima Nairobi. Septemba 1 mwaka huo huo, Rais William Ruto alizindua mpango wa kitaifa wa pikipiki za stima akiwa Mombasa. Majirani nao hawajalala. Rwanda ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazosajiliwa Kigali ni za stima pekee. Ethiopia, mwaka wa 2024, ilifunga mlango kwa magari ya kibinafsi ya mafuta kutoka nje.

Kwa hivyo mawakala wanakujia steji na fomu mkononi. Wanakuambia utaokoa nusu ya pesa unazomwaga kwenye tangi. Una akiba kidogo ya chama, labda na pesa ulizoongezewa na mamako. Ukikosea hapa, hutapoteza pikipiki tu. Utabaki na deni, na mama atabaki na maswali.

Jibu fupi ni hili: stima yenyewe ni bei rahisi kuliko petroli, na hilo halina ubishi. Lakini wewe hununui stima peke yake. Unanunua pikipiki, betri na mara nyingi deni. Hesabu huharibikia kwenye hayo matatu. Basi fungua kikokotoo cha simu tupige pamoja.

Hesabu ya kilomita 100

Tuseme unazunguka kilomita 100 kwa siku. Pikipiki yako ya petroli inaenda kilomita 40 kwa lita ukiwa mjini, pamoja na kusimama, foleni na abiria wawili unaojua hukupaswa kuwabeba pamoja. Utachoma lita mbili na nusu. Kwa bei ya Sh185, hiyo ni Sh463.

Nduthi ya stima, kwa safari hiyo hiyo, itakula takriban yuniti nne na nusu. Ukichaji nyumbani na yuniti moja ikutoke Sh30 pamoja na kodi zake, umelipa Sh135.

Tofauti ni Sh328 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni Sh8,528. Hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu mtaani.

Mbona pengo kubwa hivyo? Muulize mtu yeyote aliyewahi kuchomwa mguu na ekzosi. Injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Iliyobaki hutoka kama joto na moshi. Mota ya stima hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya stima iliyopokea kuwa mwendo. Kwa maneno mengine, kwa kila Sh100 ya petroli unayoweka, kama Sh75 inapasha joto hewa ya Nairobi.

Ongeza hapo service. Mota haina oili ya kubadilisha, haina plagi wala klachi ya kuungua. Matairi, breki na shoksi utaendelea kununua kama kawaida, lakini zile ziara za kila mara kwa fundi zitapungua.

Kuna jambo lingine linalotupa nafasi nzuri Kenya. Stima yetu nyingi haitokani na mafuta. Inatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria kule Naivasha, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana na jua. Mvuke wa Olkaria haulali. Saa nane usiku, sisi tukiwa tumezima taa, bado unatoka. Ndiyo maana mwaka wa 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya stima ya kuchajia vyombo vya usafiri: Sh16 kwa yuniti, na Sh8 wakati matumizi ya nchi yako chini, kabla ya kodi na ada nyingine.

Lakini usikimbie kushangilia. Bei hiyo ni ya mita maalumu ya kuchajia. Si ya tokeni za bedsitter yako.

Betri ni ya nani?

Hapa ndipo wengi huingizwa boksi. Ile hesabu ya Sh135 ni ya mtu mwenye betri yake, mahali salama pa kuchajia, na saa kadhaa za kusubiri. Wewe unaishi ghorofa ya nne Pipeline. Betri ina uzito wa kukuvunja mgongo kwenye ngazi, soketi ni mbili nyumba nzima, na landilodi akisikia unachaji pikipiki atakutoza stima ya ploti yote.

Kwa hivyo utaenda kwenye kituo cha kubadilisha betri. Unaingia na betri iliyoisha, unatoka na iliyojaa, dakika chache tu, kazi inaendelea. Ni mpango poa sana kwa mtu wa boda, maana nduthi ikiwa imeegeshwa kwa chaji haiingizi kitu.

Ila pale kituoni hulipi Sh30 kwa yuniti. Unalipia stima, ukodishaji wa betri, kodi ya kituo, mshahara wa mhudumu na faida ya kampuni.

Chukua mfano. Kituo kinakutoza Sh250 kwa betri, na betri inakupeleka kilomita 70. Kilomita 100 zitakugharimu kama Sh357. Ukilinganisha na Sh463 ya petroli, umeokoa Sh106 kwa siku. Kwa mwezi ni Sh2,756. Bado ni pesa, lakini si zile Sh8,528 tulizoanza nazo.

Sasa sogeza kitu kimoja tu. Betri zimezeeka na zinakupeleka kilomita 50 badala ya 70. Bei ni ile ile Sh250. Kilomita 100 sasa zinahitaji betri mbili, yaani Sh500. Umepita petroli kwa Sh37. Hakuna aliyepandisha bei, hakuna aliyetangaza chochote, na faida yako imegeuka hasara.

Namba hizo ni za mfano. Weka za steji yako uone. Ila funzo ni moja: usiulize betri ni pesa ngapi, uliza kilomita moja ni pesa ngapi.

Kuna vituo vinavyotoza kwa betri nzima na vingine vinavyotoza kwa kiasi cha stima ulichotumia. Mfumo wa pili ni wa haki zaidi kwako. Ukirudisha betri ikiwa na robo, hulipii robo hiyo.

Kisha kuna swali la nani anakulinda. Petroli, pamoja na madharau yake yote, ina bei ya juu iliyowekwa hadharani. Kituo kimoja kikikuudhi, unavuka barabara kwenda kingine. Pua ya pampu inaingia kwenye tangi lolote. Betri si hivyo. Ya kampuni hii kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Ukishanunua nduthi yao, umeoa na familia. Wakipandisha bei ya kubadilisha betri, hakuna tangazo la tarehe 14 la kukutetea.

Kununua betri yako mwenyewe kunakuondoa kwenye mtego huo, lakini kunakupa mwingine. Betri ndiyo kitu ghali zaidi kwenye pikipiki hiyo, na siku itakapochoka ni wewe utakayenunua mpya. Ukikodisha, betri mbovu ni shida ya kampuni, mradi mkataba useme hivyo.

Deni halijui mvua

Wengi hatununui nduthi kwa keshi. Tunalipa pole pole. Tuseme umepewa mkataba wa Sh450 kwa siku kwa miezi 18. Unasikia Sh450 unaona ni kidogo, ni abiria wachache tu wa asubuhi. Zidisha. Ni Sh243,000, bila kuhesabu malipo ya kwanza uliyoweka.

Kama nduthi hiyo hiyo kwa keshi ingekuwa Sh180,000, umelipa Sh63,000 zaidi kwa sababu ya kulipa pole pole. Ile akiba ya Sh2,756 kwa mwezi, kwa miezi 18, ni Sh49,608. Umeiona? Akiba yote imelipa riba, na bado hujamaliza.

Lakini tuwe wakweli, hapa usidanganyike upande wa pili pia. Pikipiki ya petroli nayo huuzwa kwa mkopo wenye riba. Usilinganishe nduthi ya stima ya mkopo na nduthi ya petroli ya keshi. Linganisha mkopo na mkopo, keshi na keshi. Ukipata kwamba mikataba yote miwili inakugharimu sawa kwa siku, basi akiba ya mafuta ni yako yote. Ukipata ya stima imezidi kwa Sh100 kila siku, ile Sh106 tuliyookoa imebaki Sh6. Hata maji ya chupa hununui.

Halafu kumbuka deni halijui mvua. Kuna siku ya kuugua, siku ya maandamano, siku askari wa kaunti wamekunyang'anya nduthi, siku kituo kina foleni ya betri. Malipo hayasimami. Soma kama mkataba unaruhusu kampuni kuizima nduthi kwa mbali ukikosa kulipa, na unapewa siku ngapi kabla hawajafanya hivyo. Kuzimiwa pikipiki ukiwa na abiria si hadithi ya kusimulia wajukuu.

Mgala muue, na haki yake mpe

Petroli bado ina nguvu zake. Ukitoka Nairobi kwenda ocha Desemba, kila mji mdogo una pampu, na palipokosa pampu kuna duka linalouza kwa chupa. Vituo vya betri vimejazana mijini. Ukipewa kazi ya kupeleka mzigo mbali, rudi uangalie ramani kwanza.

Petroli pia ina mafundi. Kila kona ya nchi hii kuna kijana wa jua kali anayeweza kufungua injini ya Boxer na spana mbili. Kompyuta ndogo inayoongoza mota ya stima ikikataa, wengi wao watakuambia urudi ulikonunua. Na siku ukitaka kuuza, nduthi ya petroli ina wateja tayari. Ya stima isiyo na betri yake ina mnunuzi mmoja tu: mtu aliyeridhika na kampuni ile ile.

Stima nayo hupotea, tunajua. Kituo chenye betri nyingi zilizojaa kitakubeba saa kadhaa, lakini giza likikaa sana foleni itakuwa ndefu.

Je, gari?

Labda wewe si mtu wa boda. Umepata kazi, umechoka na matatu, na kwenye TikTok umeona gari dogo la stima ukalipenda. Hesabu ni ile ile, ila majibu yanabadilika kabisa.

Ukiendesha kilomita 30 kwa siku kwenda kazini na kurudi, na gari la petroli linaenda kilomita 12 kwa lita, unachoma lita mbili na nusu, Sh463. La stima litatumia kama yuniti nne na nusu, Sh135. Ajabu, ni zile zile namba za nduthi. Kwa siku 22 za kazi umeokoa takriban Sh7,200 kwa mwezi, kama Sh86,000 kwa mwaka.

Sasa uliza gari la stima linazidi lile la petroli kwa pesa ngapi. Kama ni Sh1 milioni, itakuchukua zaidi ya miaka 11 kurudisha pesa hizo. Kama ni Sh300,000, ni miaka mitatu na nusu hivi. Gari ni lile lile, tofauti ni bei ya kununua.

Mwangalie sasa dereva wa teksi ya mtandaoni anayeenda kilomita 150 kwa siku. Petroli inamtoa Sh2,313. Stima ingemtoa Sh675 akichaji kwa Sh30. Anaokoa Sh1,638 kila siku, zaidi ya Sh42,000 kwa mwezi. Ile Sh1 milioni ya ziada anairudisha chini ya miaka miwili.

Umeona siri ilipo? Stima humlipa anayesafiri sana. Kila kilomita inarudisha kipande kidogo cha ile pesa ya ziada uliyolipa mwanzoni. Gari likikaa kwa parking wiki nzima likingoja kwenda kanisani, halirudishi chochote. Si ajabu kwamba kampuni ya BasiGo ilipoingia barabarani Nairobi mwaka wa 2022 ilianza na mabasi, na kuwatoza wenye mabasi kwa kila kilomita badala ya kuwauzia betri moja kwa moja. Basi halikai kitako.

Na ukinunua gari la stima lililotumika, kumbuka sheria ya Kenya inaruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka minane. Miaka minane ni mingi kwa betri. Usiangalie rangi na viti tu. Omba ipimwe betri ione imebaki na uwezo kiasi gani, la sivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Bei ya leo si ya milele

Jambo la mwisho ambalo mawakala hawatakutajia. Sehemu kubwa ya bei ya petroli ni kodi. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ada ya kukarabati barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita. Mwenye nduthi ya stima halipi ile Sh25, lakini mashimo ni yale yale na lami ni ile ile.

Wakiwa wachache, serikali haina shida. Wakiwa wengi, usishangae Hazina ya Kitaifa ikianza kuuliza nani atajenga barabara. Afueni za kodi kwa vyombo vya stima nazo zimo kwenye sheria za fedha, na sheria hizo tumeona zikibadilika kila mwaka. Kwa hivyo ukipiga hesabu ya miaka mitatu, usiweke bei ya leo hadi mwisho. Acha nafasi.

Kabla ya kutia sahihi

Basi inalipa ama hailipi? Kwa mwanaboda wa mjini anayepita kilomita 100 kwa siku, mwenye kituo cha betri kwenye njia yake na mkopo usiozidi ule wa petroli, ndiyo, inalipa. Kwa anayefanya boda wikendi tu, ama anayeishi mbali na vituo, ama aliyepewa mkataba wa kumfunga shingo, petroli bado ni salama kwake, hata kama inauma.

Kabla ya kuweka jina lako kwenye fomu, muulize wakala maswali haya na uandike majibu:

Kilomita moja itanigharimu pesa ngapi, betri ikiwa mpya na ikiwa imezeeka?

Bei ya kubadilisha betri inaweza kupandishwa lini, na nitaambiwa siku ngapi kabla?

Betri ni yangu ama yenu? Ikiibwa, nani analipa?

Jumla ya pesa nitakazolipa hadi mwisho ni ngapi, si za siku?

Nikikosa kulipa siku tatu, nini kinafanyika?

Wakala akianza kucheka ama kukuambia usijali, mpe fomu yake mkarudiane kesho. Kisha nenda steji nyingine, mtafute mtu ambaye amekuwa na nduthi hiyo kwa mwaka mzima, si wiki mbili. Mnunulie chai. Muulize aliweka ngapi jana na alibaki na ngapi. Huyo ndiye tangazo la biashara unalolihitaji.

Na ukishaichukua, jiwekee tarehe 14 yako. Kila mwezi siku hiyo, wenzako wakingoja EPRA, kaa chini uandike: kilomita ulizoenda, pesa ulizotoa kwa betri, pesa ulizolipa deni. Gawa. Ukiona gharama ya kilomita moja inapanda miezi miwili mfululizo, rudi kwa kampuni na daftari lako mkononi. Petroli ina mtu wa kukutangazia bei yake, lakini ya betri itabidi ujitangazie mwenyewe.